Uma wa Springi wa Baiskeli Kuukuu: Kinachochakaa na Kinachodumu

Uma wa mbele wa baiskeli ya milimani ya miaka ya 1990 haustahili kutupwa kwa sababu tu umekauka au unavuja mafuta. Makala hii inaeleza namna unavyofanya kazi, namna ya kuufungua na kuuhudumia, na dalili zinazoonyesha kwamba umefikia mwisho wa maisha yake.

Leo tunakizungumzia chombo ambacho wengi wetu tunacho uani, ghalani, au kimefungwa kwa mnyororo nje ya mlango wa nyumba ya kupanga. Nacho ni baiskeli ya milimani ya zamani. Katika miji ya Uingereza na Marekani, baiskeli za namna hii zilizotengenezwa katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000 huuzwa mitumba kwa bei ndogo, na wanafunzi na wafanyakazi waliotoka ugenini huzinunua kwa ajili ya kwendea chuoni na kazini. Nyingine hupakiwa katika makontena yaendayo Afrika Mashariki na kuishia mikononi mwa mafundi wa Dar es Salaam na Mombasa.

Mara nyingi mnunuzi hukuta kila kitu kinafanya kazi isipokuwa kimoja. Uma wa mbele, ule wenye springi ndani yake, ama umekauka haushuki hata ukiulalia kwa uzito wote wa mwili, ama unashuka na kuruka juu kwa kishindo kama godoro lililochoka, ama unatoa mafuta yanayoteremka hadi kwenye breki. Akiupeleka dukani huko ughaibuni, huenda akaambiwa kwamba malipo ya fundi yatazidi thamani ya baiskeli nzima, na kwamba ni heri anunue mpya. Kwa hesabu za duka jibu hilo linaeleweka. Kwa hesabu za mtu mwenye jioni mbili huru na spana chache, halieleweki hata kidogo.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Mafundi wengi wa Afrika Mashariki huiita sehemu hii shokapu, na wengine shokomzoba, majina yaliyohamia kwenye baiskeli kutoka kwenye magari. Sisi tutasema uma, kwa kuwa ndivyo ulivyo kwa umbo. Una shingo moja inayopanda ndani ya fremu hadi kwenye usukani, una bega linaloishika shingo hiyo, na kutoka begani huteremka nguzo mbili za bomba linalong'aa. Nguzo hizo huingia ndani ya miguu miwili minene iliyounganishwa kwa daraja juu ya tairi, na miguu hiyo ndiyo inayolibeba gurudumu. Gurudumu likigonga jiwe, miguu hupanda juu ya nguzo, kisha hurudi chini. Pale nguzo inapoingia mguuni kuna sili za mpira, na ndani zaidi kuna bushi nyembamba ambazo nguzo huteleza juu yake.

Kutoka Marin hadi Durango

Baiskeli ya milimani ilizaliwa katika miaka ya 1970 huko Marin, kaskazini mwa San Francisco, ambako vijana waliteremka miteremko ya Mlima Tamalpais na vilima vya jirani kwa baiskeli nzito za zamani. Breki zao zilikuwa ndani ya habu ya nyuma, nazo zilipata moto kiasi kwamba grisi iligeuka moshi. Baada ya mteremko iliwabidi waifungue habu na kuijaza grisi upya, na njia moja mashuhuri ikapewa jina la Repack kutokana na kazi hiyo. Kwa hiyo kufungua, kusafisha na kupaka grisi ni desturi ya mchezo huu tangu kabla uma wa springi haujafikiriwa.

Uma huo ulikuja baadaye, na ulitoka kwenye pikipiki. Paul Turner, Mmarekani aliyekuwa fundi wa pikipiki za mashindano, alianzisha kampuni ya RockShox, na mwaka 1989 uma wake wa kwanza, RS-1, ukaanza kutengenezwa. Ulitumia hewa na mafuta, na ulishuka kiasi cha milimita 50 tu. Wako waliouona kuwa ni mzigo usio na faida. Mwaka 1990 yakafanyika Durango, katika jimbo la Colorado, mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia ya baiskeli za milimani yaliyoandaliwa chini ya shirikisho la kimataifa la mchezo wa baiskeli, UCI, na Greg Herbold wa Marekani akatwaa ubingwa wa mteremko akiwa na uma wa RockShox. Katika miaka michache iliyofuata, uma mgumu ulianza kuonekana kuwa wa kizamani.

Historia hii ina faida kwa mwenye spana, kwani kila mtengenezaji alichagua njia yake, na njia hiyo ndiyo utakayoikuta ndani. Doug Bradbury, muasisi wa Manitou, alitumia vipande vya elastoma, yaani mpira maalumu, badala ya springi ya chuma. RockShox nayo ilitumia elastoma katika uma wake wa katikati ya miaka ya 1990 uitwao Judy, ambao mafuta yake yalifungiwa ndani ya kibweta kidogo kilichojitegemea. Marzocchi wa Italia, kampuni iliyojulikana kwa shokapu za pikipiki, ilitoka na Bomber Z1 ya mwaka 1997, yenye springi za chuma na mafuta mengi yaliyoachwa huru ndani ya miguu, kama ilivyo kwenye pikipiki. Katika hao wote, mwandishi wa makala hii anaipendelea Marzocchi kwa mtu anayejifunza. Mafuta yale yale yanayotuliza mrusho ndiyo yanayolainisha bushi na sili, na ndani hamna vitu vingi vya kupoteza.

Springi na mafuta, kazi mbili tofauti

Watu wengi hudhani kwamba kinachotuliza mshtuko ni springi. Springi huupokea mshtuko na kuuhifadhi, lakini kisha huurudisha wote. Ukiachiwa springi peke yake, kila shimo lingekurusha juu, na kwenye mawe yanayofuatana gurudumu lingekuwa hewani zaidi kuliko ardhini, na gurudumu lililo hewani halina breki wala halifuati usukani.

Hapo ndipo mafuta yanapoingia. Ndani ya mguu mmoja, au yote miwili, kuna pistoni yenye matundu madogo. Uma unaposhuka au kupanda, mafuta hulazimika kupita katika matundu hayo, nayo hukataa kupita upesi. Nguvu ya mwendo hugeuka kuwa joto kidogo, na mruko hufa. Uma unaoruka kwa kishindo una springi nzima, lakini mafuta yake yametoka, yamechoka au yamechanganyika na maji na uchafu. Uma usioshuka nao kwa kawaida haukosi springi. Sili zake zimekauka na kung'ang'ania nguzo, au grisi ya zamani imegeuka gundi, au elastoma zimekufa.

Angalia basi ni nini kilichoharibika katika hali zote hizo. Ni mpira, mafuta na grisi, vitu vya bei rahisi vinavyozeeka hata baiskeli ikiwa imelala ghalani. Aluminiamu na chuma vinavyokubeba havijaguswa, au angalau ndivyo tunavyotumaini hadi tutakapovikagua.

Iko sababu nyingine ya kuuhudumia uma ulionao badala ya kutafuta mpya. Baiskeli za leo za milimani zina magurudumu ya inchi 27.5 au 29, ekseli nene za kupitisha, na mara nyingi shingo inayopanuka chini hadi inchi moja na nusu. Baiskeli yako ina magurudumu ya inchi 26, ekseli nyembamba ya klipu, shingo iliyonyooka ya inchi moja na moja ya nane, na pengine breki za kubana ukingo wa gurudumu ambazo uma nyingi mpya hazina mahali pa kuzifunga. Hata ukibahatika kupata uma unaoingia, kama ni mrefu kuliko wa awali kwa sentimita kadhaa utaunyanyua mbele, utabadilisha tabia ya usukani na kuongeza mkazo kwenye sehemu ya fremu isiyotengenezwa kwa mkazo huo.

Kabla ya kushika spana

Kagua kwanza, kwani si kila uma unastahili kuokolewa. Ukikosea hapa, jino la mbele ndilo linalolipa.

Safisha uma kwa maji na sabuni, ukaushe, kisha utazame mahali penye mwanga. Tafuta ufa pale shingo inapoingia begani, pale nguzo zinapoingia begani, kwenye daraja la miguu, na kwenye ncha zinazoshika ekseli. Katika uma nyingi za zamani nguzo na shingo zimebanwa begani kwa nguvu ya mashine bila bolti, na zikilegea hutoa mlio wa kukwaruza unaposimamia pedali na kuuvuta usukani. Hakuna dawa ya nyumbani ya tatizo hilo. Uma wenye ufa, au uliopinda, au unaolia begani, hauendeshwi tena, na hakuna sili mpya itakayoubadilisha. Mwandishi hana huruma juu ya jambo hili: gurudumu la nyuma likikatika unaketi chini, shingo ya uma ikikatika unaanguka kifudifudi.

Aidha, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Wateja ya Marekani imetangaza mara kadhaa, tangu miaka ya 1990, kurudishwa kwa uma za kampuni mbalimbali kutokana na kasoro zilizoweza kusababisha kuvunjika. Matangazo hayo yanapatikana kwenye intaneti. Andika jina la modeli na namba iliyo kwenye bega au nyuma ya mguu, na uyatafute kabla ya kutumia senti yako ya kwanza.

Kisha pitisha ukucha kwenye nguzo kuanzia juu hadi chini, hasa upande wa mbele. Mkwaruzo usioukamata ukucha si neno. Ule unaoukamata utaikata sili mpya kama kisu. Alama chache ndogo husuguliwa taratibu kwa msasa laini kabisa, namba 2000, uliolowa mafuta, na tundu linalobaki likajazwa tone la rangi ya kucha, likaachwa likauke na kusawazishwa. Huu ni ujanja wa mafundi wa siku nyingi, nao hudumu. Lakini kama ile ngozi ngumu ya juu ya nguzo imelika sehemu kubwa, na chuma cha chini kimeonekana kwa rangi tofauti, au kutu imeanza kutoboa vijishimo, nguzo imekwisha.

Jaribio la mwisho ni la bushi. Bana breki ya mbele, weka kidole pale nguzo inapoingia mguuni, kisha itikise baiskeli mbele na nyuma. Mtikisiko mdogo sana ni wa kawaida kwa uma wa umri huu. Ukisikia mguu unagonga nguzo waziwazi chini ya kidole, bushi zimelika. Hakikisha tu kwamba mgongo huo hautoki kwenye gololi za usukani, kwa kuweka kidole pale pia. Kubadilisha bushi kunahitaji vyombo maalumu vya kuzing'oa na kuzipachika, na kwa uma wa bei ya kawaida hapo ndipo mahesabu hukataa.

Kazi yenyewe

Utahitaji spana za elenki, bisibisi pana, nyundo ya mpira au ya plastiki, koleo ya pete za springi, beseni, matambara yasiyotoa nyuzi, na spiriti ya isopropili. Utahitaji pia sili za kipenyo cha nguzo zako. Vipenyo vya milimita 28, 30 na 32 ndivyo vinavyokutwa mara nyingi katika uma za kipindi hicho, na tofauti ya milimita moja inatosha kuifanya sili isifae, hivyo pima kwa kipimio cha kubana wala usikisie kwa jicho. Kampuni ya Marzocchi katika upande wa baiskeli ilifunga shughuli zake za Italia mwaka 2015 na jina likachukuliwa na Fox ya Marekani. Kwa uma za zamani, basi, utegemee zaidi watengenezaji wa sili mbadala na wauzaji wa vipuri vya zamani kuliko kiwanda chenyewe.

Ondoa gurudumu na breki, na uziweke mbali. Tone moja la mafuta kwenye diski au kwenye viatu vya breki linatosha kuziua. Kama uma ni wa hewa, andika kwanza kipimo cha hewa iliyomo, kisha toa hewa yote kwa kubonyeza valvu, usukume uma chini, ubonyeze tena. Baadhi ya uma, kama SID za RockShox, zina vyumba viwili vya hewa, kimoja juu na kimoja chini ya mguu, na vyote lazima viwe vitupu. Kifuniko chenye hewa nyuma yake ni risasi. Hata uma wa springi una nguvu iliyobanwa chini ya kifuniko cha juu, hivyo usikiinamie uso unapozungusha nyuzi za mwisho, na ukishikilie kwa kiganja.

Kwa uma wa aina ya Bomber, fungua vifuniko vya juu, vuta springi nje, na umimine mafuta ya zamani katika beseni. Yatazame. Mafuta meusi yamechakaa tu. Mafuta ya rangi ya maziwa yameingia maji. Yenye vumbi la kung'aa yana chembe za chuma kutoka kwenye bushi au nguzo, na hiyo si habari njema.

Sasa geukia chini. Kwenye kila mguu kuna bolti au nati inayoushika mguu kwenye fimbo ya ndani. Ifungue mizunguko mitatu au minne tu, usiitoe yote, kisha igonge kwa nyundo laini ili fimbo iachie kwenye mguu. Ukiitoa bolti kabisa kabla ya kugonga, utaigonga fimbo yenyewe na kuharibu nyuzi zake. Mara nyingine bolti huzunguka pamoja na fimbo bila kufunguka. Katika uma ambao springi yake bado imo ndani, mtu wa pili aukandamize uma unapofungua, na msuguano wa springi utaishika fimbo. Kisha tandika beseni, toa bolti, na uvute miguu kutoka kwenye nguzo kwa mkono. Kama inagoma, gonga daraja kwa zamu kulia na kushoto, kamwe usitumie bisibisi kama mtaimbo.

Utakachokiona ndani kinaeleza maisha ya baiskeli. Baiskeli iliyoishi Uingereza, ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa baridi, huwa na uji wa kutu chini ya miguu na vidonda vyeupe pale rangi ilipochubuka, hasa kwa kuwa miguu mingi hutengenezwa kwa magnesiamu, metali nyepesi inayoliwa na chumvi kwa haraka. Ile iliyoendeshwa kwenye wadi za Oman huwa na vumbi laini lililochanganyika na grisi, mchanganyiko unaosaga bushi polepole kama jiwe la kunolea.

Futa kila kitu. Usitumie petroli kwenye mpira, wala kimiminika kikali cha kusafishia breki za magari, spiriti inatosha. Chini ya sili ya vumbi mara nyingi kuna pete ya sponji. Kazi yake ni kushika mafuta na kuilowesha nguzo kila inapopita, na ikikauka uma hukwama hata kama kila kitu kingine ni kipya. Ioshe, ikamue, uilowekee mafuta mapya.

Kung'oa sili ndiko kunakotisha wengi. Sili ya vumbi huinuliwa kwa bisibisi pana au spana ya mdomo wazi, huku ukiweka kipande cha plastiki au ngozi chini yake ili usiukwaruze ukingo wa mguu. Katika Bomber na nyingine za namna hiyo, chini yake utaikuta pete ya springi ya chuma; itoe, ndipo uinue sili ya mafuta. Fanya polepole, ukizunguka ukingo wote. Sili mpya huingizwa ikiwa sawa kabisa, kwa kutumia soketi ya kipenyo chake au kwa kuilaza sili ya zamani juu yake na kugonga kidogo kidogo. Ikiingia upande, itoe na uanze upya.

Kama uma wako ni wa elastoma, zikague kwa vidole. Nzima hubonyea na kurudi polepole. Zilizokufa zimekuwa ngumu kama kwato, au zimevunjika vipande, au zimeyeyuka na kuwa kitu cha kunata ambacho itabidi ukikwangue kutoka ndani ya bomba. Elastoma pia huwa ngumu sana kwenye baridi, na mtu aliyenunua baiskeli yake Minnesota mwezi Januari anaweza kudhani uma umekufa ilhali unasubiri mwezi Mei. Ukizikuta zimekwisha na mbadala haupatikani, tafuta springi ya chuma ya kipenyo na urefu ule ule. Usikate mpira wa aina nyingine ukaujaza humo, kwani uma unaokwama ghafla katikati ya safari yake ni wa hatari kuliko ule usioshuka kabisa.

Mafuta gani, na kiasi gani

Namba zilizoandikwa kwenye chupa za mafuta ya uma, 5, 7.5, 10 na kuendelea, huonyesha uzito wa mafuta, lakini hazina kipimo kimoja kinachofuatwa na wote. Mafuta ya 5 ya kampuni moja yanaweza kuwa mazito kuliko ya 7.5 ya nyingine. Namba ya kuaminika ni ile ya sentistoki kwa nyuzi joto 40, ambayo watengenezaji makini huichapisha. Bomber za zamani zilitumia mafuta ya 7.5. RockShox katika modeli zake nyingi ilielekeza mafuta ya 5 ndani ya kizuizi cha mrusho, na mafuta mazito zaidi ya 15, mililita chache tu kwa kila mguu, kwa ajili ya kulainisha. Mazito zaidi huupunguza mwendo, mepesi zaidi huuharakisha, na mtu mzito anaweza kupanda daraja moja bila kosa.

Mafuta ya breki yasikaribie uma wako hata kidogo, kwani hula rangi na kuharibu baadhi ya mipira. Grisi ya kawaida ya magari nayo huweza kuvimbisha sili na elastoma za aina fulani. Tumia ile iliyoandikwa kuwa ni ya shokapu.

Kiasi kina uzito wake pia. Katika uma wa mafuta huru, hewa inayobaki juu ya mafuta hubanwa uma unaposhuka, ikawa springi ya pili. Ukijaza mafuta kupita kiasi, hewa hiyo hupungua, uma hukataa kumaliza safari yake, na shinikizo huzisukuma sili nje. Ndiyo maana jedwali la mtengenezaji hutaja ama mililita, ama umbali wa uso wa mafuta kutoka ukingo wa juu wa bomba. Pima kwa sindano ya plastiki isiyo na ncha, ile ya duka la dawa.

Kurudisha miguu kunahitaji subira. Paka grisi midomo ya sili, ingiza nguzo kwa kuziinamisha kidogo, na utazame kwa macho kwamba mdomo wa sili haujakunjwa ndani. Washa za chini zinazozuia mafuta ziwe mpya. Bolti hizi ni ndogo na hukaza kwa nguvu ndogo, kiasi cha nyutoni mita 7 katika uma nyingi za RockShox. Asiye na spana ya kupimia nguvu akaze kwa vidole vilivyoshika sehemu fupi ya elenki, si kwa mkono mzima.

Kabla ya kupanda, funga uzi au mpira mwembamba kwenye nguzo, juu tu ya sili. Keti kwenye baiskeli ukiwa umevaa kama unavyovaa siku zote, ukiegemea ukuta, kisha shuka kwa upole. Mpira utakuwa umesogea. Uma wenye safari ya milimita 100 ushuke kati ya milimita 15 na 25 kwa uzito wako tu. Ukishuka zaidi, springi ni laini mno au hewa haitoshi. Usiposhuka kabisa, unabeba uma wa springi bila kufaidi springi. Kama ni wa hewa, ongeza kwa pampu ndogo ya shokapu. Pampu ya kituo cha mafuta huingiza hewa nyingi kwa mkupuo mmoja na inaweza kuharibu kazi yote ya jana.

Watengenezaji wengi hushauri miguu ifunguliwe na kulainishwa kila baada ya saa 50 za kuendesha, na kizuizi cha mrusho baada ya saa 100 hadi 200. Kwa mtu anayekwenda kazini kwa njia ya lami, mara moja kwa mwaka inatosha, na kwa anayepita kwenye chumvi au vumbi, mara mbili. Baina ya siku hizo, futa nguzo kwa kitambaa kikavu baada ya safari, na usielekeze mdomo wa bomba la maji yenye shinikizo kwenye sili. Mafuta uliyoyatoa yapelekwe kwenye kituo cha kukusanyia mafuta ya magari, si kwenye mtaro.

Baada ya nusu saa ya kwanza ya kuendesha, kagua tena bolti za chini, kisha zitazame nguzo. Pete nyembamba ya mafuta juu ya sili mpya ni jambo la kawaida, na itakoma baada ya safari mbili tatu. Tone linaloteremka mguuni ni jambo jingine. Fungua mguu huo mmoja tu, kwani mara nyingi utakuta mdomo wa sili umejikunja wakati wa kuingiza nguzo, na kama haujachanika unaweza kuunyoosha na kuutumia.